Likizo ya Kumpata Mama

Jumatatu, 2 Oktoba

Likizo imekubaliwa. Msimamizi alitia sahihi bila kunitazama, akasema, "Siku tano, Bi Stakabadhi. Si sita." Wote hapa ofisi ya vifurushi huniita hivyo, kwa sababu sijawahi kutoa mzigo dirishani bila mtu kuonyesha kipande chake cha lebo. Nilimshukuru mara tatu. Mara ya tatu aliinua macho, nikaogopa asije akabadili mawazo, nikatoka haraka.

Niandike kwa utulivu. Mwenye nyumba ya mama anaitaka nyumba yake mwisho wa mwezi huu. Mama ameishi humo tangu sijazaliwa. Watoto wake ni wawili, kaka na mimi, na lazima ahamie kwa mmoja wetu. Mimi nataka ahamie kwangu. Chumba kipo, maji yapo, zahanati iko ng'ambo ya barabara. Kaka ni dereva wa malori ya masafa. Wiki tatu yuko njiani, wiki moja yuko kitandani. Kwa hiyo kuhamia kwa kaka ni kuhamia kwa mke wa kaka. Yaani wifi yangu, msusi, mtu anayetafuta funguo huku kazishika mkononi.

Nimepanga kumpeleka mama kwenye chemchemi za maji moto, kwa ajili ya magoti yake. Mimi na yeye tu. Siku tano aone jinsi nitakavyomtunza. Tukirudi, hatakuwa na haja ya kufikiri.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nilimpigia mama kumweleza safari. Nilieleza kila kitu: basi la saa moja, siti za mbele zisizotikisika, nyumba ya wageni isiyo na ngazi, chumba cha vitanda viwili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wifi yako je?"

"Wifi ana kazi, mama."

"Kazi ya kusuka? Vichwa havikimbii. Mumewe hayupo, utamwacha peke yake ndani?"

"Mama, nimeshaweka nafasi ya watu wawili."

"Basi weka ya tatu."

Nimeweka ya tatu.

Jumapili, 8 Oktoba

Chakula cha mchana kwa mama. Wifi alichelewa saa nzima, akaingia na kiatu kimoja kimekatika kamba, anacheka. Mama, ambaye mimi nikichelewa dakika kumi huniuliza kama nimepotea njia, alicheka naye, akatafuta sindano, akakaa kushona kamba ya kiatu. Mimi niliosha vyombo. Hakuna aliyeona kwamba nimeosha vyombo.

Wifi alinifuata jikoni. "Shem— aa, wifi yangu, sijui hata nikushukuruje. Sijawahi kwenda likizo mimi. Nibebe nini?"

Nilimwambia nimeandika, nitampa karatasi.

"Niandikie kwa herufi kubwa, maana karatasi nayo nitaipoteza."

Kaka alipiga simu kutoka njiani, mama akaweka sauti nje ili wote tusikie. Kaka akauliza bila kuzunguka: "Sasa mama, unakwenda kwa nani?"

Mama alikata uzi kwa meno. "Niacheni kwanza nikaoge hayo maji ya moto. Nikirudi nitasema."

Kwa hiyo ni hivyo. Ametamka mwenyewe, mbele ya mashahidi. Akirudi atasema.

Jumanne, 10 Oktoba

Kazini mizigo mingi. Sikuandika.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nilimleta mama akaone chumba. Nilikuwa nimepaka rangi, nimetundika pazia, nimeweka kiti kidogo bafuni ili asisimame anapooga. Nilimwonyesha rafu ya dawa, rafu ya nguo, msumari wa mkoba, mahali pa kuweka miwani. Alikuwa anasema "Mh" kwa kila kimoja. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayengoja daktari.

"Kuna kelele kidogo sana huku," alisema.

Nikafurahi. "Ndiyo, mama. Kimya kabisa."

Alinitazama, kisha akatazama dirisha. Niliona ameridhika. Sasa ninapoandika, sina hakika tena.

Hakuuliza kwa nini mlango wangu una makomeo matatu. Ningemwambia ni kwa ajili ya usalama wake.

Alhamisi, 19 Oktoba

Wifi amepoteza karatasi. Nimemwandikia nyingine.

Ijumaa, 20 Oktoba

Tunaondoka Jumatatu. Nilikwenda kumfungia mama mizigo. Nimefanya jambo ambalo nadhani ni la akili: begi la mama nimelituma mbele kama kifurushi, kupitia ofisi yetu wenyewe. Mama hataburuta kitu. Atapanda basi na mkoba wake tu, na begi litamngoja kituoni kule, jirani na nyumba ya wageni. Nguo zake zote za safari zimo, dawa ya kuchua magoti, kandambili, kanga mbili, miwani ya akiba. Lebo niliandika mimi mwenyewe kwa mwandiko wa kusomeka. Kwenye nafasi ya mpokeaji niliandika jina langu, maana mama karatasi hutumia kufungia karanga. Kipande cha kuchukulia kipo kwenye pochi yangu, nyuma ya kitambulisho.

Wifi alikuwepo, anakula embe. Akasema, "Wewe, wifi, ungekuwa Nuhu, safina ingeondoka kabla ya mvua."

Mama alicheka hadi akashika kiuno. Nilicheka pia, kwa kuchelewa.

Jumapili, 22 Oktoba

Msimamizi amepiga simu. Mwenzangu wa dirisha la pili anaumwa tumbo. Nibaki Jumatatu, niondoke Jumanne. Aliuliza, "Kuna tatizo?" Nikasema hakuna. Kwa nini mimi husema hakuna? Mdomo wangu una mwajiri wake.

Nilimpigia mama kumwambia tuahirishe siku moja. Wifi ndiye aliyepokea.

"Tuahirishe nini? Tiketi si unazo? Sisi tutatangulia, wewe utatukuta. Usiogope, nitamshika mkono mama yako."

Mama yako. Akasema hivyo, "mama yako", lakini kwa sauti ya mtu anayeazima kitu ambacho hatarudisha.

Jumatatu, 23 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi niliwapandisha basi. Mama alikaa dirishani, wifi pembeni yake, kwenye siti yangu. Nilirudi ofisini. Nilifanya kazi vizuri. Mchana, nikiwa nampimia mtu gunia la viatu, nilifungua pochi kutafuta kalamu, nikakiona kile kipande. Kile kipande cha kuchukulia begi la mama. Kiko kwangu. Mpokeaji ni mimi. Begi liko kule, mama yuko kule, na hakuna binadamu atakayempa.

Niliwapigia. Walikuwa wameshafika na wamesimama dirishani, wifi anabishana.

"Kaka yangu," nilimsikia akimwambia karani wa kule, "mwenye begi ndiye huyu hapa. Mtazame. Je, anafanana na mwizi wa mabegi?"

Nikaomba nizungumze naye. Nikajitambulisha kama mtu wa kampuni, nikamweleza.

"Dada," akasema, kwa upole kabisa, "kipande unacho wewe?"

"Ninacho mimi."

"Na jina ni lako?"

"Ni langu."

"Basi wewe mwenyewe unajua."

Najua. Mimi ningemkatalia mtu yeyote hivyo hivyo, na ningelala usingizi mzuri. Nilitaka kumlilia, lakini nyuma ya gunia la viatu kulikuwa na foleni.

Mama hana nguo za kubadili, hana dawa ya magoti, hana hata kandambili. Nimemfungia mama yangu nguo zake zote nje ya mikono yake.

Saa kumi na mbili jioni nilipiga tena, nimejiandaa kuomba msamaha. Wifi alipokea, nyuma yake nilisikia maji na kicheko cha mama.

"Dawa yake ya magoti," nilisema.

"Nimemchua kwa taulo la maji moto, anasema ni afadhali kuliko ile dawa inayonuka. Ngoja nikutumie picha."

Alituma picha. Mama amevaa gauni la wifi, la njano, lenye mikono mipana. Tangu baba afariki, miaka minne sasa, mama hajavaa rangi isiyokuwa ya kijivu au ya kahawia. Nimemnunulia vitambaa viwili, vya bluu, vya heshima. Viko sandukuni na karatasi zake. Na sasa amesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya wageni, njano kama kifaranga, ameweka mkono kiunoni.

Nilijibu: "Amependeza." Kisha nikaketi kwenye kiti cha bafuni nikalia, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimefika. Nilichukua begi kituoni kwanza. Karani wa kule alikipokea kipande, akakilinganisha, akanipa begi bila kuniangalia usoni. Nadhani ni kwa huruma.

Walikuwa wamekaa barazani. Nikaweka begi miguuni pa mama kama mwindaji.

"Nguo zako, mama. Nisamehe sana. Ingia ubadili."

"Aa, acha kwanza," akasema. "Hili lina hewa."

Chumba cha vitanda viwili wamelala wao. Mimi nimepewa kile cha tatu, cha peke yangu, mwisho wa korido. Ndivyo nilivyoweka nafasi mwenyewe: wawili na mmoja. Wakati ule wa kuweka, mmoja alikuwa wifi. Sikuthubutu kusema tubadilishane. Nimeegemeza kiti mlangoni.

Jumatano, 25 Oktoba

Ratiba: saa mbili maji moto, saa nne mapumziko, saa tano kutembea bustanini, saa saba chakula, na kuendelea. Niliibandika kwenye mlango wao.

Saa mbili mama alikataa kuingia majini. Nilimweleza faida zake, nilikuwa nimesoma. Alisimama ukingoni na kanga yake, miguu imekaza kama ya punda. Nikamwambia kuna ngazi, kuna chuma cha kushika, maji yanafika kifuani tu. "Nimeona," akasema. "Wewe ingia."

Ndipo wifi, aliyekuwa anarudi na sabuni, akateleza akatumbukia na nguo zote, na kilemba, na simu mfukoni. Alipoibuka alikuwa anapiga kelele, "Mama nakufa! Nishike!" Maji yanamfika kifuani tu! Mama akatupa kanga, akaingia hivi, bila ngazi, bila chuma, akamshika mkono. Wakabaki humo saa nzima. Mimi nilikaa ukingoni nikaikausha simu.

Sikupata kujua kama aliteleza kweli. Mtu mwenye hila asingekuja na simu mfukoni. Lakini mtu mwenye hila nyingi angekuja nayo.

Alhamisi, 26 Oktoba

Leo nimeaibika, na sababu ni mimi.

Nilikuwa nimekodi gari lenye dereva litupeleke saa tatu kutazama maporomoko ya maji. Saa tatu kasorobo niligonga mlango wao. Hawakuwepo. Barazani hawapo. Bwawani hawapo. Ratiba ilikuwa palepale mlangoni, na juu yake mtu amening'iniza soksi.

Nilizunguka bustani. Nilikwenda hadi barabarani. Dereva aliendelea kusema, "Watakuja tu, dada," na kila aliposema hivyo nilizidi kuona magoti ya mama yamekunjika mahali kwenye mtaro. Wingu lilikuwa linashuka. Niliingia kwa mlinzi wa getini, nikamwambia mama yangu amepotea.

"Yukoje?"

"Mwanamke wa makamo, mfupi kuliko mimi, anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Amevaa gauni la kijivu na mtandio wa kahawia."

Mlinzi alifikiri. "Wa kijivu sijamwona kabisa. Aliyepita hapa asubuhi ni yule mama mchangamfu wa njano, na mwenzake."

"Huyo siye," nikasema.

Nilisema hivyo. Nikaondoka nikaenda kumtafuta mwanamke wa kijivu kwa muda mrefu, mpaka mvua ilipoanza. Ndipo nikasimama katikati ya njia nikajisikia mwenyewe: huyo siye.

Nilirudi kwa mlinzi nimelowa. "Yule wa njano alielekea wapi?"

"Si yuko jikoni," akasema, akinyoosha kidole.

Walikuwa jikoni. Mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamenya viazi, rundo la maganda mbele yake kama mlima. Wifi amesimama nyuma ya mpishi, anamsuka nywele, na mpishi anakoroga sufuria huku ameinamisha kichwa upande. Wote watatu walikuwa wanazungumza kwa pamoja. Nilipoingia, wakanyamaza.

"Umelowa," mama akasema.

"Gari limengoja, mama. Limeondoka. Nimekutafuta kila mahali!"

"Nipo hapa."

"Kwa nini unamenya viazi? Nimeweka akiba mwaka mzima uje upumzike!"

Mama aliweka kisu chini. Hakukasirika, ningependa angekasirika.

"Nani alikwambia nimechoka?"

Mpishi alikoroga. Kisha wifi, ambaye hawezi kuacha kimya kikae mahali pake, akasema, "Wifi, kaa basi nikusuke nawe, kichwa chako kinavuja."

Nikamwambia, mbele ya watu, kwamba yeye ni mgeni kwenye safari hii, kwamba kama si yeye tungekuwa maporomokoni sasa hivi, na kwamba mama ana mtoto wa kike mmoja tu.

Wifi alibaki ameshika sega. Mara ya kwanza tangu nimfahamu alikosa mzaha. Mama akaniambia, polepole, "Nenda ukavue nguo zilizolowa." Kama mtoto. Nikaenda.

Jioni nilimwomba wifi radhi koridoni. Akasema, "Yameisha." Akanipa soksi; zilikuwa zangu, alikuwa amezifua.

Wivu ni kitu cha aibu kukiandika. Lakini nikimwona mama anacheka na yeye, naumia mahali ambapo hata kupaka dawa huwezi.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua kutwa. Walicheza karata. Niliwaandikia pointi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Tumerudi. Kwenye basi mama alikaa nami, wifi nyuma, amelala mdomo wazi. Hizi zilikuwa saa zangu. Nilikuwa nimezipangia maneno.

"Mama," nilianza, "kwangu zahanati iko karibu."

"Uliniambia."

"Na maji hayakatiki."

"Uliniambia, mwanangu."

"Na hakuna ngazi."

Aliushika mkono wangu akauweka mapajani pake, akautazama njiani kote, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Nilingoja aseme. Nadhani na yeye alingoja.

Jumatatu, 30 Oktoba

Amesema.

Tulikuwa tunafungasha nyumba yake, mimi na yeye. Nilikuwa nimeinama kwenye sanduku la vyombo nilipomsikia: "Nitakwenda kwa kaka yako."

Niliendelea kufunga sahani kwa magazeti. Nilifunga moja, nikafunga nyingine. Kisha nikauliza kwa sauti ya dirishani, ile ninayowauliza wateja, "Kuna kasoro gani kwangu?"

"Hakuna kasoro. Ndiyo shida yenyewe." Akakaa sakafuni karibu yangu, kwa taabu, kwa sababu ya goti. "Kwako kila kitu kina mahali pake, mwanangu. Miwani ina mahali pake, mkoba una mahali pake. Mimi nikae wapi?"

"Kuna chumba, mama."

"Chumba nimekiona. Wifi yako hajui kupika wali ukaiva. Analala na taa, anasahau mlango wazi. Akirudi kazini hana wa kumwambia pole. Yule ananihitaji. Wewe umekamilika. Mimi huwa nawaambia watu, huyu wangu mdogo amekamilika."

Alisema kwa fahari! Alikuwa ananisifu. Nilifunga sahani zote kumi na mbili za baba, na hakuna hata moja iliyovunjika.

Alhamisi, 2 Novemba

Amehama. Kaka alikuja na lori zima kwa ajili ya vitu vya kujaza toroli. Wifi alikuwa amesahau kuandaa kitanda. Mama alikunja mikono ya gauni, akaanza.

Nimeondoa kile kiti bafuni. Nimekirudisha. Nimekiondoa tena.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Nikirudi jioni nasimama kwanza nje, nasikiliza mlangoni, ndipo natia ufunguo. Hakuna kitu. Hakuna kitu kila siku, na kila siku nasikiliza.

Alhamisi, 9 Novemba

Wifi amekuja dirishani kutuma kifurushi cha nywele bandia kwa mteja wake. Amenenepa. Chakula cha mama.

Nilimwandikia lebo. Hakukuwa na foleni kwa sababu ya mvua, akaegemea dirishani.

"Wifi, bado umenikasirikia?"

"Sijakasirika."

"Umekasirika, unaandika hadi karatasi inatoboka." Akacheka, kisha akaacha. "Mimi sikumwiba mama, jua hilo. Mimi nilimlilia. Siku ile ya kwanza, ulipokuwa umebaki, nilimwambia mama kwamba kaka yako akisafiri mimi naogopa, nyumba inanimeza, nalala na taa kama mtoto. Nikalia bila haya mpaka kamasi. Akaniambia basi, nitakuja. Palepale."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza. Akasema tusikwambie kabla ya safari kuisha, usije ukakosa raha." Akaniangalia. "Wewe ulimwambia nini?"

Nilimwambia kuna zahanati. Nilimwambia kuna maji.

"Stakabadhi yako hii," nikasema, nikampa kipande.

Siku zote tano nilizokuwa napanga na kubandika na kuhesabu siti, jambo lilikuwa limeshakwisha. Wala wifi hakulipata kwa hila. Aliogopa, akasema anaogopa. Mimi niliogopa kabla yake, naogopa kuliko yeye, nimekuwa naogopa tangu nilipotia sahihi ya kupanga nyumba hii. Sikuweza hata kuandika humu waziwazi kwamba naogopa. Hata kulia kaniwahi.

Ijumaa, 10 Novemba

Nilishika simu. Nikaiweka.

Jumanne, 14 Novemba

Nimepiga. Mchana, nyuma ya mizani, msimamizi alipokwenda kula.

"Mama."

"Kuna nini? Wewe hupigi saa za kazi."

"Hakuna kitu." Kisha nikajisikia nikisema hakuna, kama kawaida, na nikachukia. "Kipo. Mama, naogopa kulala peke yangu."

Nikasikia anaondoka mahali penye watu.

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie."

"Mwaka mzima?"

"Na miezi mitatu."

"Na muda wote huo wewe unanieleza habari za bomba!"

Nilikuwa nalia, lakini kwa utaratibu, ili sauti isifike dirishani.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ulikuwa unawaambia watu nimekamilika."

Hapo alivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga moto. Nyuma nilisikia sauti ya wifi ikiuliza, nani huyo, mama?

"Usimwambie," nikasema.

"Kwa nini?"

"Atataka kuja pamoja nawe."

"Wivu huo?"

Ningeweza kusema siyo. Nilitazama mizani, sindano ilikuwa kwenye sifuri, ikitetemeka kwa sababu nilikuwa nimeegemea meza.

"Ndiyo, mama. Ni wivu."

"Haya," akasema. "Afadhali nimejua. Nitakuja Ijumaa. Sihamii, nakwambia mapema, huku nako nimeahidi. Lakini nakuja, na sitauliza nirudi lini. Sasa futa uso, watu wana mizigo yao."

Ijumaa, 17 Novemba

Mama amefika. Wifi ndiye aliyemleta, hadi mlangoni, na mwavuli mmoja, mama mkavu na yeye amelowa upande mzima.

Nilisema, "Karibu ndani, wifi," na moyo wangu ukasema, nenda zako. Aliingia. Alikaa. Alimwaga chai juu ya meza, akaifuta kwa pindo la gauni, akasimulia kisa cha mteja aliyesinzia akisukwa, na kilichekesha, na nilicheka. Mama aliweka miwani yake juu ya jokofu. Sikuihamisha.

Mvua ilipopungua nilimsindikiza wifi hadi getini. Alinikumbatia na maji yake yote. "Mlinde mama yetu," akasema. Yetu. Nikalimeza neno hilo kama kidonge kikubwa, likapita.

Nilirudi, nikafunga mlango upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Nilipogeuka mama alikuwa ananitazama kutoka kitini, viatu ameshavivua, kimoja huku na kingine kule.

"Njoo ukae," akasema. "Haya. Niambie, unaogopa nini?"